Inacheza Yenyewe

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili usije ukanishangaa huko mbele. Naogopa ngazi zisizo na kishikio, naogopa mbwa hata akiwa amefungwa, naogopa simu inayolia wakati watu wamekaa kula. Mama yangu, ambaye tunaishi naye na ambaye siku hizi masikio yake husikia anachotaka tu, husema nilizaliwa nikiwa tayari nimeshtuka. Mume wangu anachonga funguo na kutengeneza vitasa, na mlango wetu una makomeo matatu. Mawili niliyadai mimi. Mume wangu akinitania, mama humkatiza: "Mwache. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Kisha anaomba chai.

Sasa cheka vizuri: mtu huyo huyo ndiye aliyeajiriwa kuwauliza watu kama wameridhika na pikipiki zao. Na si pikipiki za kumfikisha mtu sokoni. Ni zile kubwa za safari ndefu, zenye matairi ya lami na vumbi, tangi la mafuta ya kutwa nzima na mabegi ya bati ubavuni. Mtu akishainunua, haulizwi habari za nyumbani tena. Anaulizwa habari za barabara. Mimi mwenyewe sijawahi kukalia pikipiki, hata iliyozimwa. Miaka minne nimekuwa nikiuliza utamu wa chakula nisichokionja.

Ofisi yetu iko hivi. Mbele kuna ukumbi wa vioo ambamo pikipiki mpya zimepangwa, zinapanguswa kila asubuhi. Nyuma kuna karakana. Juu, kwa ngazi ya chuma isiyo na kishikio upande mmoja, ndiko kwangu: meza, simu, kabati la mafaili lenye droo moja isiyofunguka, feni, na madirisha mawili, moja linatazama karakana, jingine barabara. Harufu ya tairi mpya hupanda mpaka huku na kuingia kwenye nguo. Nikifika nyumbani mama ananusa na kusema, "Wamekurudisha salama."

Mtu akinunua pikipiki, ukipita mwezi mmoja nampigia. Namuuliza, toka moja hadi kumi, umeridhika kiasi gani? Ndiyo maana mafundi wa chini wamenibatiza Dada Moja-Hadi-Kumi. Nikipita na kikombe, mmoja atauliza, "Dada, chai ya leo ngapi?" Namjibu sifuri, aende zake.

Fomu ninayoijaza ilitungwa na Meneja. Mteja akisema saba kushuka chini, kuna kisanduku kimeandikwa MALALAMIKO. Akisema nane kwenda juu, hicho hakipo. Kipo kimoja tu, kikubwa: SABABU YA KURIDHIKA. Wiki yangu ya kwanza nilimuuliza, je, mtu akiwa ameridhika lakini ana neno, naliandika wapi?

Alicheka. "Aliyeridhika hana neno, dada."

Bwana yule hunukia manukato tangu mlango wa nje, na sijawahi kumwona akigusa grisi hata kwa bahati mbaya. Lakini ndiye bosi, nami nina watoto wawili shuleni na mama wa kuomba chai. Nikajifunza kuandika mnamotakiwa kuandikwa.

Na watu wenyewe, jamani! Mwenye pikipiki kubwa hawezi kuisema vibaya. Atakwambia kiti kinamchoma, kioo cha mbele kinampigia upepo kichwani mpaka anarudi na shingo ngumu, halafu anakupa tisa. Yuko kama mzazi ambaye mtoto wake amefeli: atakwambia mwalimu hampendi. Mtu akishawashinda mke, ndugu na majirani waliomwambia asinunue, hana pa kurudi. Ni lazima aridhike.

Mmoja wa hao alikuwa Mwalimu. Namwita hivyo kwa sababu alifundisha hesabu mpaka akastaafu, na kwenye simu bado anafundisha. Nilimpigia mwezi wake wa kwanza ulipotimia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Umenikuta naipangusa."

"Toka moja hadi kumi, umeridhika kiasi gani?"

"Tisa. Kumi sijampa mtu miaka thelathini na minne, sitaanza na chuma."

Nikacheka. Nikamuuliza sababu ya kuridhika.

"Inavuta," alisema. "Haichoki. Mama watoto anakaa nyuma bila kulalamika. Ila mbele inacheza." Akacheka naye. "Ukishika mwendo, binti, inacheza yenyewe!"

Kicheko chake kiliniambukiza. Nilimwona, mzee wa watu, baada ya miaka yote ile ya chaki, yuko barabarani na chombo chake, wanacheza. Nikaandika kwenye kisanduku: *Mbele inacheza yenyewe.* Lile neno "ila" sikuliandika. Halikuwa na mahali.

Wiki mbili baadaye Meneja alipitia fomu akitafuta maneno ya tangazo. Akashuka ngazi na yangu mkononi, uso umemkunjuka. "Hii ndiyo lugha ya mteja! Hii haitungwi!" Jumatano hiyo wakatundika kitambaa cha mita sita juu ya vioo vya mbele, chenye picha ya pikipiki ikipanda mlima, na maandishi mekundu: INACHEZA YENYEWE! Chini kwa herufi ndogo: *Mwalimu mstaafu, mteja wetu.* Nilipita chini yake asubuhi ile na asubuhi iliyofuata. Sikatai, nilijisikia. Maneno niliyoyaandika kwa kalamu ya bluu yalikuwa makubwa kunizidi.

Alhamisi jioni, nikiwa nafunga mkoba, Mwalimu akanipigia mwenyewe.

"Binti, nimeona nikuage. Binti yetu amejifungua, ng'ambo ya milima. Kesho alfajiri nampakia mama nyuma, tunakwenda kumwona mjukuu."

"Hongera, Mwalimu! Safari njema."

"Mabegi yote yamejaa. Mama amefunga nguo za mtoto utadhani wamezaliwa kumi."

Nikacheka, nikamtakia heri mara ya pili. Niliweka simu chini nikiwa na furaha, na nikaenda nyumbani kulala.

Ijumaa ndiyo siku aliyorudi kazini fundi mkuu. Alikuwa nje wiki saba baada ya kupasuliwa ngiri. Tunamwita Babu Spana, ingawa ana miaka hamsini tu. Ubabu wake uko kwenye kununa. Saa tatu kasoro robo nilimwona dirishani akitoka nyuma, akazunguka mbele kutazama jengo lake. Hakurudi haraka. Niliposikia sauti yake, ilikuwa inatokea barabarani.

"Nani kaandika upuuzi huu?"

Nikafungua dirisha la mbele. Alikuwa amesimama chini ya kitambaa, mikono kiunoni.

"Babu, shikamoo. Karibu tena. Ni maneno ya mteja."

"Mteja kasema inacheza? Kasema nini kinacheza?"

"Mbele," nikasema. "Amesema mbele inacheza yenyewe. Akishika mwendo."

Alinitazama. Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayemwuliza mtoto: "Wewe dada, jino lako likicheza, unafurahi?"

Ala! Ningependa kukwambia kwamba sikuelewa. Nilielewa papo hapo. Jino linacheza. Mguu wa meza unacheza. Kitasa kinacheza, mume wangu analisema neno hilo kutwa mara ishirini akiwa na bisibisi mkononi, nami nampikia nikilisikia. Lakini mzee alicheka, na alinipa tisa, na kisanduku kilikuwa cha furaha.

Babu Spana alipanda ngazi mbili mbili, mtu aliyetoka kushonwa juzi. Aliniuliza hiyo pikipiki ilinunuliwa lini. Nilimwonyesha tarehe. Akakaa kwenye kiti cha wageni.

"Hiyo ni ya yale makreti tisa," alisema. "Yalifika wiki niliyolazwa. Nani aliyafungua?"

"Walifungua wote. Meneja alitaka ziwe ukumbini siku ya pili."

Akanieleza, na nitakueleza alivyonieleza, kwa sababu sikuwahi kujua. Pikipiki huja ndani ya sanduku, gurudumu la mbele na usukani vimefunguliwa. Fundi anavifunga. Shingoni, pale usukani unapozungukia, kuna beringi na kuna nati kubwa ya kuzibana. Nati hiyo hukazwa kwa spana yake maalumu, ukapima, ukajaribu, ukakaza tena. Ukiikaza kwa mkono na haraka, inashika. Inashika mwezi, inashika wiki sita. Kisha inaanza kulegea.

"Na ikilegea?"

"Ukienda pole, hujui. Ukishika mwendo na mzigo mwingi nyuma, mbele inakuwa nyepesi, usukani unaanza kutikisika wenyewe. Mara ya kwanza kidogo. Unapunguza mwendo, usukani unatulia. Siku nyingine hautulii."

"Kukiwa na mteremko?"

"Mteremkoni unafunga breki, uzito wote unakuja shingoni." Akanitazama. "Kwa nini umeuliza mteremko?"

Nikamwambia. Wameondoka alfajiri, yeye na mkewe. Mabegi yamejaa. Wanavuka milima.

Babu Spana alivuta simu ya mezani akaisogeza mbele yangu.

Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Iliita mpaka ikakatika. Bila shaka: simu iko mfukoni ndani ya koti, koti liko ndani ya upepo, kichwa kiko ndani ya kofia ngumu. Nilihesabu. Kilometa mia moja na kumi za lami, kisha kupanda, kisha juu, kisha ule mteremko wa changarawe wa kona kumi na mbili ambao kila mteja wangu husimulia kama harusi yake. Nikapiga mara ya tatu, ya nne. Nikaandika ujumbe kwa simu yangu ya mkononi: *Mwalimu simama. Usiendeshe tena. Nipigie.* Kwa haraka nikaandika "usiendesha" nikautuma hivyo hivyo.

Babu Spana akasema, "Mwambie Meneja atoe gari. Mimi naandaa zana."

Meneja nilimkuta akimpigia picha mteja mbele ya pikipiki. Nilimvuta kando, nikamwambia yote kwa pumzi moja. Alisikiliza, nikaona uso unabadilika, nikadhani ameogopa kama mimi. Kumbe anafikiri.

"Sawa," alisema. "Tutawapigia wote tisa. Lakini usitumie neno hatari. Sema tunawaalika kwa ukaguzi wa hisani."

"Hisani?"

"Ni lugha tu, dada."

"Meneja, watu wako barabarani sasa hivi. Mume na mke."

"Basi wakirudi. Usimtie mtu hofu akiwa safarini, utasababisha ajali wewe."

Nimekwambia mimi ni mwoga. Namwogopa bosi wangu kuliko ninavyomwogopa mbwa. Lakini siku ile hofu yangu nyingine ilikuwa kubwa, na ikaimeza ile. Nilimwambia, mbele ya mteja, kwa sauti ambayo mama yangu angeisikia: "Lugha yako ndiyo imetufikisha hapa, wewe na kisanduku chako! Mtu hana neno, mtu hana neno! Alikuwa nalo!" Nikapanda ngazi bila kushika kitu. Nilipofika juu ndipo nilipoogopa, nikaishika simu tena.

Saa tatu na nusu, hakuna. Saa nne kasoro, hakuna. Nilikuwa nimepiga mara kumi na saba. Kila ilipoanza kuita niliomba ipokelewe, na kila ilipoita mara ya tano nikaanza kuona mambo: simu inaita ndani ya majani, inaita chini ya daraja, inaita ndani ya begi la nguo za mtoto. Nilijizuia nisilie kwa sababu ukilia sauti inaharibika, nami nilihitaji sauti.

Saa nne na dakika kumi ikapokelewa.

"Haloo?" Sauti ya mwanamke, pumzi juu juu.

"Mama! Mko wapi?"

"Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, mama, wa ofisi ya pikipiki. Mko wapi?"

"Tuko juu mlimani, mwanangu. Tumesimama kunywa chai. Kuna nini, mbona unahema?"

Juu. Hawajaanza kushuka. Nilikaa chini, kwenye sakafu, simu sikioni.

"Mama, naomba usipande tena hiyo pikipiki. Na Mwalimu asipande. Nipe Mwalimu."

Nilisikia kelele za vikombe, kisha sauti yake, ile ile ya darasani.

"Binti. Nimeona umepiga mara nyingi. Nani amekufa?"

"Hakuna, Mwalimu. Pikipiki yako ina kasoro shingoni. Nati haikukazwa. Usishuke nayo."

"Kasoro gani? Mimi nimekuja nayo mpaka hapa."

"Usukani hautikisiki?"

"Barabara ndiyo mbaya. Nimebakiza kilometa sitini. Naifahamu pikipiki yangu, binti. Nilikupa tisa kwa akili zangu."

Lile ndilo nililoliogopa. Tisa! Alikuwa anaitetea mbele yangu, na nyuma yake kulikuwa na mkewe aliyempakia, na watu wa chai waliokuwa wameizunguka wakiistaajabia, nina hakika. Nikajua nikimwambia kuhusu beringi atanifundisha beringi. Kulikuwa na jambo moja tu ambalo asingeweza kulisahihisha.

"Mwalimu, uliniambia mwenyewe. Ulisema, ila mbele inacheza. Mimi nikaandika kwamba inacheza, nikaacha ila. Nikaandika umefurahi. Wameitundika barabarani kwa herufi nyekundu. Ulitoa jibu sahihi, mimi ndiye niliyelikosea. Wiki mbili nimelikalia. Mkishuka huo mteremko, mkianguka, ni mimi. Tafadhali, Mwalimu. Nakusihi kama baba yangu."

Hakujibu. Nikasema, haloo. Nikasema, Mwalimu. Mtandao wa mlimani ulikuwa umekatika, na sikujua ulikatikia kwenye neno gani.

Nikapiga, hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Nikamwambia Babu Spana dirishani kwamba wako juu mlimani; alishapakia zana kwenye gari la mizigo bila kungoja ruhusa ya Meneja, akapiga honi mara moja, akaondoka. Alikadiria mwendo wa saa mbili na nusu kufika kwao. Mteremko wote, kwa pikipiki, hauzidi dakika arobaini.

Nilizikaa hizo dakika arobaini. Sina la kukusimulia juu yake ila kwamba feni ilizunguka na mimi nikaitazama. Nilijiambia, kama alinisikia, atasimama. Nikajiambia, kama alisikia nusu, atashuka kwa hasira, na hasira ni mwendo. Mama yangu alinipigia kuuliza nimeweka wapi sukari, nikashindwa kumjibu. Akasema haloo, haloo, akakasirika akakata.

Saa tano ikalia. Namba ya Mwalimu. Niliogopa kuipokea. Mwenyewe nilikuwa naisubiri, na mkono ukagoma.

"Mwanangu," alisema mkewe.

"Mama."

"Tuko hapa hapa. Hatujashuka."

Hapo ndipo nilipolia. Alinisubiri nimalize, bila kuniharakisha, mtu aliyelea.

"Mzee amekaa chini," alisema, akishusha sauti. "Yuko pale, karibu na pikipiki. Chai yake hajaigusa. Mtandao ulipokatika, akaniambia. Anasema tangu kilometa ya themanini usukani umekuwa ukimtoka mikononi. Mara mbili alidhani tumekwisha. Hakusema, ili nisiogope."

"Mungu wangu."

"Na mimi nilikuwa nyuma, naona mabega yake yanakakamaa. Nimelala na mabega yale miaka thelathini, hayanidanganyi. Nilijua anaogopa. Nikanyamaza, ili asione aibu." Akavuta pumzi. "Tumekuja hivyo mlima mzima, kila mmoja anamfichia mwenzake. Na tungeshuka hivyo hivyo."

Nikamwambia Babu Spana yuko njiani.

"Haya. Na nikwambie jingine, kwa kuwa wewe ndiye muulizaji. Mimi pikipiki hii sijawahi kuipenda hata siku moja. Lakini hakuna aliyenipigia."

Babu Spana alifika saa saba unusu. Alinipigia akiwa huko juu, akasema nati ameigeuza kwa vidole viwili. Hakuongeza kitu, na yeye kwa kawaida huongeza. Alimshusha Mwalimu na mkewe kwa gari, wamebanana mbele na mafurushi ya nguo za mtoto, pikipiki imefungwa kamba nyuma, na kabla ya giza walimwona mjukuu.

Meneja alishusha kitambaa mchana ule ule. Nilikuwa nimefungua kabati nikatoa fomu zote tisa za makreti yale, nikazitandaza mezani. Zote zilikuwa nane kwenda juu. Nilizisoma upya, kwa masikio ya fundi sasa. Mmoja alisema inamfanya ashike kwa nguvu. Mwingine alisema ina roho yake yenyewe. Nilikuwa nimeyaandika yote kwenye furaha, kwa mwandiko mzuri.

Niliwapigia. Safari hii sikuuliza namba. Nilisema, pikipiki yako ni ya hatari, usiipande, fundi anakuja. Wengine walibisha, mmoja alinitukana, lakini kufikia Jumatatu jioni tulikuwa tumewapata wanane, na nati sita kati ya hizo nane zilikuwa zimelegea.

Wa tisa ni yule kijana mcheshi aliyenunua kwa ajili ya kuvuka nchi tatu. Namkumbuka vizuri. Alikuwa na sauti ya mtu anayetabasamu. Alinipa kumi. Aliniambia, "Dada, inanitingisha! Sijawahi kuwa macho hivi maishani mwangu!" Nami nimeandika: *Humfanya awe macho.* Anwani aliyoacha ni ya nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba ananiambia alihama siku chache baada ya mimi kumpigia, alifunga mabegi, akawaaga majirani kwa honi. Ndugu zake hawajui. Tumeandika barua kwa ofisi za mipakani, hakuna majibu.

Nampigia kila asubuhi kabla sijashusha mkoba begani. Mwanzoni nilitarajia kusikia kwamba hapatikani. Ningejua amevuka, amebadilisha laini, yuko mbali huko anakula barabara. Lakini inaita. Inaita mpaka inakatika, na hii ni wiki ya tatu. Simu haiiti wiki tatu bila mtu wa kuichaji. Yuko mtu anayeichaji kila siku, anaiona namba ya ofisi yetu ikiwaka, anaitazama mpaka inazimika, na hapokei.